Kudura na Oveni Isiyowaka

Jitihada haiondoi kudura, husema watu wa pwani, na hawausemi msemo huo matangani tu. Husemwa jikoni pia. Mkokoni, kijiji cha wavuvi wa Kibajuni kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu, oveni ya gesi ikigoma kuwaka asubuhi ya Idi, kuna atakayeshika bisibisi na kuna atakayesema ni amri ya Mungu. Mara nyingi ni mtu yule yule. Je, anajipinga mwenyewe?

Bisibisi ina utaratibu wake. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni, nayo haiwaki mpaka ichanganyike na hewa kwa kadiri ya asilimia 2 hadi 10 hivi. Ikipungua au ikizidi hapo, cheche hulia bure. Kwa hiyo fundi huanzia mbali: mtungi una gesi? Regiuleta imekaa sawa? Mpira haukujikunja? Oveni ikiwa ya aina inayoruhusu kuwashwa kwa mkono, husogeza njiti ya kibiriti. Moto ukishika, gesi haina lawama. Kilichoharibika ni cheche, na pwani ambako upepo huingiza chumvi hadi jikoni, ncha ya kutolea cheche haikawii kupata kutu. Usiposhika, huchunguzwa tundu la gesi, ambalo hata utando wa buibui huweza kuliziba.

Kuna ugonjwa wa tatu: moto unashika, kisha unazimika kitufe kinapoachiwa. Hapo hutuhumiwa themokapo, ncha ya metali mbili zilizounganishwa ambayo ikipata joto huzaa umeme mdogo sana, usiofika hata sehemu ya kumi ya volti moja. Umeme huo hutosha kushikilia vali iwe wazi. Upepo ukiuzima moto, ncha hupoa, vali hujifunga, gesi hukatika. Asili ya umeme huo ni jambo alilolitambua Thomas Johann Seebeck mwaka 1821, na usalama wa nyumba nzima umewekwa juu ya imani kwamba metali zitafanya kesho kile zilichofanya jana.

Imani hiyo imejengwa juu ya nini? Imamu Ghazali aliuliza swali hilo karne saba kabla ya kuwepo oveni yoyote ya gesi. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, alichukua mfano wa pamba inayogusishwa moto. Macho, alisema, huona pamba ikiungua pale moto ulipo. Hayaoni kwamba moto ndio unaounguza. Kuambatana kwa mambo mawili si ushahidi kwamba moja linalazimisha jingine. Anayeunguza ni Mungu, naye akitaka moto hauunguzi, kama ulivyokuwa baridi na salama kwa Nabii Ibrahimu. David Hume wa Uskoti alikuja kusema jambo linalokaribia hilo mwaka 1739, bila kumtaja Mungu: tunachokiita sababu ni mazoea ya akili iliyozoea kuona hiki kikifuata kile.

Ibn Rushd wa Cordoba hakuridhika na hoja ya Ghazali. Kwake, anayekana sababu anaikana elimu yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua kinatokana na nini. Pingamizi hilo lina uzito jikoni. Kama hakuna kinacholazimisha kitu, kwa nini fundi akague mpira badala ya kukagua dari?

Ila Ghazali alikwisha kuliona shimo hilo. Yeye mwenyewe alitaja kichekesho cha mtu aliyeacha kitabu nyumbani na sasa hana hakika kama hakijageuka kuwa mvulana. Jibu lake ni kwamba Mungu ameupitisha ulimwengu katika ada, yaani desturi, na ametutia ujuzi wa ada hiyo. Moto huunguza kwa ada. Ada inaweza kuvunjwa, lakini hatuishi kwa kungoja ivunjwe.

Hapo ndipo mtu wa Mkokoni anapopata utetezi. Pwani ya Waswahili, ambako wengi ni Mashafii, imesomeshwa itikadi ya Ashaari, ile ile ya Ghazali, kwa karne nyingi, na Riyadha ya Lamu, iliyoasisiwa na Habib Swaleh, ni moja ya vituo vyake mashuhuri. Kwa itikadi hiyo, kushika bisibisi ni kuisoma ada, na kutaja kudura ni kumtaja mwenye ada. Kauli mbili hizo zinajibu maswali mawili tofauti. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi yaelekea huko huko: aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia au amwache na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza.

Kosa huja kudura inapotumiwa kulijibu swali la bisibisi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hutuama sakafuni, na harufu yake kali si yake, imetiwa ili ionye. Anayeinusa, akasema ni amri ya Mungu, kisha akawasha kibiriti, hajatawakali.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia. Muislamu aliyefiwa anaweza kusema kwa haki kwamba ajali ilikuwa imeandikwa. Mwenye kituo hawezi kuikimbilia kauli hiyo hiyo. Maashaari wenyewe walimfungia mlango kwa fundisho la kasb: kitendo huumbwa na Mungu, lakini mja hukichuma kwa hiari yake, na kwa alichokichuma ataulizwa. Kasb humhusu pia, kwa kiasi chake, aliyejua kwamba mpira wa oveni umepasuka akaufunga kwa utepe wa plastiki hadi baada ya sikukuu.