Ahadi ya Kurudi

Vijana wengi wa Lubumbashi, Bukavu na Kinshasa, wakiisha kupata diploma ya chuo kikuu cha hapa, hutafuta kuendelea na masomo ng'ambo. Hukusanya karatasi nyingi: nakala za diploma, barua za walimu wawili watatu, cheti cha lugha, hesabu ya feza. Katika karatasi hizo limo neno moja ambalo karibu kila mmoja huliandika upesi: «Nikimaliza masomo, nitarudi kutumikia nchi yangu.» Je, anayeliandika huku moyoni amekwisha kukata shauri la kubaki huko, ametenda kosa gani?

Kwanza tupambanue. Sheria ya Marekani ya mwaka 1952 yamtaka mwanafunzi mgeni awe na makao kwao asiyokusudia kuyaacha. Hapo huulizwa nia yake ya leo. Nia ya kweli yaweza kugeuka: mtu aoa, au apewa kazi asiyoitazamia. Huyo hakusema uongo siku ile. Lakini Waingereza, katika msaada wao wa masomo uitwao Chevening, ambao Wakongomani nao huweza kuuomba, wadai jambo jingine: aliyelipiwa masomo arudi katika nchi yake kwa muda wa miaka 2 walau. Hiyo si nia tu, ni deni. Moyo ukigeuka, deni halifutiki. Miaka hiyo ikipita, yu huru.

«Lakini wote huandika vile,» wasema vijana, «na wakubwa wa ubalozi wajua. Hakuna anayedanganywa.» Hoja hii yapendeza masikio. Basi tumwulize anayeisema: kama hakuna anayedanganywa, mbona huthubutu kuandika kwamba utabaki? Huthubutu, kwani utakataliwa. Maana yake yuko mtu anayelisadiki neno lako, hata kama ni nusu tu.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alitoa mfano wa mtu mwenye shida anayekopa feza na kuahidi kuzilipa, naye ajua kwamba hatazilipa. Kama kila mwenye shida angefanya hivyo, alisema, hakuna ambaye angesadiki ahadi tena, watu wangeicheka. Kwetu hilo si jambo la kitabuni. Sheria ile ile ya Marekani humhesabu mwombaji kuwa mhamiaji mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kuwa sivyo, naye hupewa dakika chache tu mbele ya dirisha. Kila ahadi ya uongo huzidi kulifunga dirisha hilo. Nani alipaye? Si ubalozi. Ni binti atakayekuja mwaka ujao, mwenye nia safi ya kurudi, asisadikiwe. Tena nafasi za kulipiwa ni chache: aliyeipata moja kwa uongo ameitwaa mkononi mwa mwenzake. (Na mwalimu anayeandika kwamba mwanafunzi wake «atarudi hakika», ashuhudia asiloliona.)

Hatusemi kwamba wanaodai ahadi hawana lawama. Nchi tajiri hupenda sana kumpokea daktari aliyefundishwa kwa feza ya nchi maskini. Na hapa kwetu wako waliorudi na diploma kubwa wakakaa bila kazi. Mambo hayo hupunguza kosa la mtu aliyeshindwa njiani. Hayaligeuzi kuwa kweli neno lililokuwa uongo tangu siku ya kuandikwa.

Anayetaka kubaki aombe pale pasipodaiwa ahadi. Kwa mfano, sheria ya Kanada ya mwaka 2001 yasema wazi kwamba kutamani kuhamia huko baadaye si kizuizi, maadamu mtu ataondoka muda wake ukiisha bila ruhusa mpya. Asiyejua bado aeleze kazi anayotaka kuifanya kwao, asiongeze kiapo.

Lakini yuko mwingine, naye atusumbua zaidi. Aliahidi kwa moyo wote, akatoka Bukavu mwaka 1 kabla ya vita kuufikia mji ule mwezi wa pili wa 2025. Nyumba ya wazazi ni tupu. Kwa kuwa aliahidi kurudi nchini, wala si mtaani kwao, labda Lubumbashi yamtosha. Kama huko nako hawezi kufika salama, awaandikie waliomlipia, awaombe wamfungulie deni au wamwongezee muda, naye aipeleke barua hiyo kabla siku ya kurudi haijafika.