Ghishi ya Zebaki



Sote twaijua khabari ya yule muuza nafaka katika soko la Madina. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo lake, akakuta chini kumelowa ilhali juu pakavu, akamkemea kwa kutoiweka juu ile iliyolowa watu wakaiona. Na ile haikuwa sumu, yalikuwa ni maji ya mvua tu!

Basi tazameni yaliyotokea Minamata, mji wa wavuvi huko Japani. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga zebaki baharini; ikaingia katika samaki, na watu wakala samaki. Mwaka 1956 ulitangazwa ugonjwa usiojulikana: mikono yatetemeka, macho yafifia, ndimi zalemaa, na watoto wazaliwa na vilema kwa sumu iliyowafikia matumboni mwa mama zao. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda chenyewe alimlisha paka maji taka ya kiwanda, na paka akapatwa na maradhi yale yale. Wakubwa wakaificha khabari hiyo, na zebaki ikaendelea kumwagwa hata 1968. Miaka tisa, ndugu zangu, na elimu wanayo!

Kwa msiba ule mkataba wa mataifa juu ya zebaki ukaitwa kwa jina la Minamata. Mazungumzo yake yaliamuliwa hapa kwetu Nairobi mwaka 2009, ukatiwa saini 2013, ukaanza kutumika 2017. Miongoni mwa vilivyokatazwa ni mafuta na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Na 2023 mataifa yakakubaliana kuondoa hata kile kiasi kidogo kilichokuwa kikiruhusiwa, ifikapo 2025.

Lakini mkataba haukai dukani. Akaaye dukani ni wewe. Mafuta haya yangali yakiuzwa, na khasa huulizwa zikikaribia arusi. Zebaki hupenya ngozi ikadhuru mafigo, na mwenye mimba humfikishia mtoto. Tena hubaki katika taulo na mito, ikawapata watoto wa nyumbani wasiojipaka. Kopo lisiloandikwa vilivyomo, au lililoandikwa kwa lugha asiyoijua muuzaji wala mnunuzi, lina tofauti gani na lile lundo? Na asemaye, "Sikuyatengeneza mimi, nauza tu," na akumbuke kuwa hata yule wa Madina mvua hakuinyesha yeye.

Aliye nayo asiyauze kwa bei ya chini ili yamtoke, wala asiyatupe baharini tunakovua. Ayapeleke kwa maafisa wa afya.