Petunia Zilizogoma

Kila jeni hutanguliwa na kipande cha DNA kiitwacho promota. Hicho ndicho huamua jeni isomwe lini, katika kiungo gani na kwa wingi gani. Promota iliyopendwa kuliko zote katika maabara za mimea ni 35S, iliyotolewa kwenye virusi vya mozaiki ya koliflawa. Haichagui jani wala mzizi. Mwaka 1987 watafiti walirudufu sehemu yake ya kuchochea, na usomaji wa jeni ukapanda takriban mara 10. Nani asingenogewa?

Huko Oakland, Marekani, Carolyn Napoli, Christine Lemieux na Richard Jorgensen waliitwika petunia jeni ya ziada ya kimeng'enya cha kutengeneza rangi, ikisukumwa na 35S. Walitaraji zambarau ikolee. Mwaka 1990 walichapisha walichokiona: asilimia 42 ya mimea iliyopokea jeni hiyo ilitoa maua meupe pe au yenye mabaka meupe. Si jeni ngeni pekee iliyonyamaza. Hata ile ya asili, ambayo hakuna aliyeigusa, ilizimwa pamoja nayo. Mmea una ulinzi wake dhidi ya virusi: RNA, yaani nakala inayotolewa jeni inaposomwa, ikizidi kiasi au ikitoka na kasoro, huikatakata, tena haiulizi ni ya mwenyeji au ya mgeni.

Mwaka huohuo, Köln nchini Ujerumani, petunia zaidi ya 30,000 zenye jeni ya rangi kutoka mahindi chini ya promota hiyohiyo zilipandwa shambani. Zilianza msimu kwa maua mekundu. Joto la kiangazi lilipopanda, mengi yakapauka. Jeni ilikuwa palepale. Promota ndiyo iliyokuwa imebandikwa alama za kikemikali, vikundi vya methili, na kufungwa.

Binafsi naona jaribio la Japani la mwaka 1999 lina uzito zaidi kwa mkulima. Mmea wa Arabidopsis ulipewa jeni ya DREB1A kupitia 35S. Ukastahimili ukame na chumvi, lakini ukadumaa. Promota ilipobadilishwa na kuwekwa rd29A, ambayo huamka mmea unapopatwa na shida, ustahimilivu ulizidi na kudumaa kukapungua sana. Nguvu haikuongezwa popote.

Wanaounda promota za kubuni leo hukwepa kurudia mfuatano uleule ndani ya mmea mmoja, na kabla ya kutangaza ushindi huungoja uzao wa vizazi kadhaa, wakiupima nje ya maabara, kwenye jua.