Tufani na Watu wa Nyumbani Mwako

Masika yakaribiapo twawasihi mfungue Kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 27, mkausome pamoja na watu wa nyumbani mwenu. Sisi tukaao Magogoni, tuonao kila siku vyombo vikiingia na kutoka bandarini, habari ya jahazi lililopigwa na tufani si ngeni kwetu.

Paulo alipewa ahadi na malaika ya kuwa katika watu 276 waliokuwamo hapana hata mmoja atakayepotea. Ahadi hiyo aliisadiki. Hata hivyo, mabaharia walipoishusha mashua kwa hila wapate kukimbia, yeye ndiye aliyemwonya akida ya kuwa hao wakiondoka, waliosalia hawataokoka. Tena yeye ndiye aliyewasihi watu wale chakula, wapate nguvu. Hakusema, Mungu ameahidi, basi na tulale. Wale wanenao ya kuwa kujiweka tayari ni upungufu wa imani hawakuusoma mlango huu hata mwisho.

Wengine husema, Pwani yetu si ya tufani. Ni kweli kwamba huku karibu na ikweta tufani ni chache. Lakini desturi si ahadi. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliangusha mikarafuu ya Unguja na kubomoa nyumba za misioni kule Bagamoyo. Mwaka 1952 nyingine ikapiga Lindi. Na mwezi wa Mei 2024 ilikuja ile iitwayo Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na boti za Unguja zikazuiliwa. Ilipofika Mafia ikapungua nguvu, na huku mjini wako waliocheka kwamba wametishwa bure. Kicheko hicho hakikuwa chema, maana mvua zake ziliikata barabara ya Lindi huko Somanga, na waliokwama njiani hawakucheka.

Tena si upepo tu. Mwezi wa Desemba 2011 mvua ya siku chache iliujaza mto Msimbazi. Watu wapatao 40 wakafa katika mji huu, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Jangwani ni hatua chache tu kutoka Kariakoo. Mtu asiseme ya kuwa waliofikwa na maji walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Bwana alipashwa habari kama hiyo, akautaja mnara wa Siloamu, akawakataza kuwaza hivyo. Watu hujenga bondeni kwa sababu kodi ya juu huwashinda. Ni nani kati yetu aliyekwisha kuwapa mahali pengine pa kukaa?

Basi, yatupasa kufanya nini? Mtaro ulio mbele ya mlango uzibuliwe sasa, wala taka zisitupwe humo. Maji ya Kariakoo hayaogopi mvua kubwa tu, hupanda hata kwa ndogo, mitaro ikiziba. Mabati yaliyolegea yapigiliwe misumari. Cheti cha ubatizo, cha ndoa, cha kuzaliwa na hati ya nyumba vitiwe katika mfuko wa plastiki, viwekwe juu. Unga, kiberiti, taa na dawa za mgonjwa vitengwe. Maji ya kunywa yatekwe kabla, maana mafuriko yakiisha huja kipindupindu. Hayo yatakayotekwa baadaye yachemshwe. Maji yakiingia nyumbani, zima umeme kwanza ikiwa swichi kuu yafikika pakavu. Usiiguse ukiwa umesimama majini. Wala mtu asivuke maji yaendayo kasi, hata kama yamefika magotini tu.

Katika nyumba zetu za vyumba sita wapangaji hujuana kwa salamu tu. Ulizaneni leo: bibi wa chumba cha nyuma atabebwa na nani? Mama mwenye mtoto mchanga atakwenda kwa nani, na ni nani amjuaye ndugu yake wa juu kilimani? Jirani Mwislamu na aulizwe sawasawa na Mkristo, maana chombo ni kimoja.

Nanyi walimu, Jumapili hii baada ya ibada andikeni majina ya wazee na wagonjwa wa mitaa yenu, na karibu na kila jina liandikwe jina la mtu mwenye nguvu aliyekubali kwa kinywa chake mwenyewe kwenda kumchukua.