Kikombe Kimoja cha Maharage, Watu Sita

Naanza na kosa langu, maana bila hilo kosa insha hii itakuwa maneno matupu.

Katika kituo cha vijana ninapofanya kazi, hapa Nyarugusu, kuna karatasi kubwa ya manila ukutani. Niliiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Juu imeandikwa MAHARAGE YA KULOWEKA NA MBOGA YA MAJANI. Chini yake vinafuata vitu vyenyewe: maharage kikombe 1, lengalenga fungu 1, karanga za kutwanga kiganja 1, kitunguu nusu, mafuta kijiko 1, chumvi. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote: CHAKULA CHA WATU 6.

Hiyo 6 ni uongo. Na wakati naiandika nilijua ni uongo, ila sikutaka kujiambia.

Ilikuwa mwaka 2023. Wote tunakumbuka mwaka ule. Posho yetu hapa Tanzania ilishushwa mara mbili, na kufika katikati ya mwaka tulikuwa tunapokea nusu. Kipimo kinachotajwa siku zote kwa mtu mmoja ni kilokalori 2,100 kwa siku, sasa wewe gawa kwa mbili uone. Sisi wa kituo tukaambiwa tufikirie shughuli za kusaidia familia, na mimi nikasema: mapishi. Mapishi ya bei ndogo, yanayotumia kuni kidogo. Wazo lilikuwa zuri, mpaka leo naliona zuri. Jumamosi moja tukapika na vijana wa kikundi, watu sita tukazunguka sufuria, kila mmoja na kijiko chake, tukasifiana. Jumatatu wageni walikuwa wanakuja. Jumapili jioni nikakaa na manila yangu, mkono ukaandika 6.

Mgeni mmoja aliisoma ile karatasi kwa kutafsiriwa, akaipiga picha, akatabasamu na kusema kumbe inawezekana. Nilifurahi sana. Nilikwenda nyumbani natembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Siku ya pili akaingia mama mmoja wa klasta yetu, mtu mzima, wa huko Fizi kama wazazi wangu. Alikuja kumtafuta mjukuu wake. Akasimama mbele ya karatasi, akaisoma polepole kwa kidole. Kisha akaniuliza:

"Mwanangu, iyi sita umeitoa wapi?"

Nikamjibu, "Tumejaribu sisi wenyewe, Mama."

"Mulikula ao mulionja?"

Nikanyamaza kidogo. "Tulionja, Mama."

"Basi andika ivo. Andika: watu sita wanaonja." Akamshika mjukuu mkono. Alipofika mlangoni akageuka: "Wakubwa wakisoma iyi karatasi, watasema kumbe kikombe kimoja kinatosha nyumba nzima. Mwezi ujao watatuletea kikombe kimoja. Weye ndiye utakuwa umetupimia."

Tangu siku ile niko na swali ambalo haliniachi. Je, kumfundisha mtu kupika vizuri kwa kitu kidogo ni kumsaidia, ao ni kumzoesha njaa?

Nilikwenda na swali hili kwa rafiki yangu anayefundisha shule ya msingi. Yeye hakusita. Alisema acha kabisa hayo mapishi. Njaa ikipambwa haionekani tena. Mtu akiona watoto wanakula kitu cha kijani na cha njano kwenye sahani, hataamini kwamba wanalala na tumbo tupu. Kwake yeye, kila pishi la bei ndogo ni barua tunayoiandika kwa wanaotupunguzia, na barua hiyo inasema: tunaweza kuvumilia, endeleeni.

Kuna ukweli humo. Lakini nikamuuliza: tukipika vibaya, nani ataona? Nani anakuja kuonja sufuria zetu ajue kwamba maharage leo hayakuiva? Anayeyala hayo mabichi ni mtoto wetu. Hayuko mkubwa yeyote anayeumwa tumbo kwa ajili ya maharage yetu.

Na nikamkumbusha binti mmoja wa kikundi chetu, Mrundi, anaishi na wadogo zake wawili, hawana mzazi. Alikuja kwetu hajui kama maharage yanalowekwa. Hakuna aliyemwonyesha, maana mwenye kumwonyesha hayupo. Alikuwa anayabandika makavu asubuhi, anachoma kuni mpaka zinaisha, na maharage bado yanagonga meno. Kisha anarudi porini kutafuta kuni nyingine, na dada zetu wote wanajua hatari za kule porini. Huyu nimwambie nini? Nimwambie sitakufundisha kuloweka, nangoja kwanza posho irudi kamili?

Kwa hiyo nilimfundisha, na nitaandika hapa pia, kwa sababu naona aibu kuandika juu ya mapishi bila kumwachia msomaji pishi lenyewe.

Loweka jioni, maji yafunike maharage vidole vinne, maana yatavimba. Asubuhi mwaga hayo maji, weka mapya. Bandika, yachemke kwa nguvu nusu saa nzima, usipunguze hapo. Chumvi bado. Kisha epua sufuria ikiwa na mfuniko wake, ifunge kwenye blanketi kuukuu ao kwenye kapu lililojazwa majani makavu, iache saa mbili ao tatu. Joto lililomo ndani linaendelea kupika bila kuni. Ukifungua, rudisha motoni kidogo tu mpaka yalainike kabisa. Wazee wetu walikuwa wanaongeza maji ya majivu: unachoma maganda makavu ya maharage, majivu unayachuja kwa maji, na kijiko kimoja cha maji hayo kinaharakisha kuiva. Weka kidogo, ukizidisha unapata ladha ya sabuni. Halafu kitunguu kwenye kijiko cha mafuta, karanga zilizotwangwa zikorogwe na maji ya uvuguvugu ndipo zimiminwe, lengalenga mwisho kabisa, chumvi, epua. Lengalenga haitaki kuchemka mpaka inakuwa nyeusi. (Wanaume wenzangu mnaocheka kwamba kijana mzima anaongea habari za lengalenga, chekeni, lakini mkishamaliza kucheka mjue kwamba nilianza kupika nikiwa na miaka kumi na moja, mama akiwa mgonjwa, na hakuna mwanaume aliyekuja kunisaidia kucheka siku ile.)

Blanketi lile lilimwokolea binti yule kuni nyingi. Hilo siyo kuzoea njaa, ni kupata nafasi ya kupumua.

Basi kama pishi lenyewe halina kosa, kosa langu lilikuwa wapi? Nilikaa na swali hili siku nyingi, na jibu likanijia kupitia mama yangu mzazi.

Mimi nilizaliwa hapahapa. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, wazazi wangu wakavuka ziwa na wengine, mimi nikazaliwa miaka michache baadaye. Fizi siijui. Ninachokijua cha Fizi ni chakula: sombe, mawese, samaki wa ziwa, hadithi za mama akiwa anakoroga. Na nakumbuka mama alikuwa na tabia mbili jikoni. Ya kwanza, mtu akipiga hodi saa ya chakula, mama anasema karibu kwa sauti kubwa, na kabla mgeni hajakaa, ameshaongeza maji kwenye maharage. Sufuria ya watu watano inakuwa ya watu saba. Ya pili, wakati wa kupakua, sahani yake inakuwa ya mwisho, na siku nyingine haipo. Tukimuuliza anasema: "Nimeonja sana wakati napika, nimeshiba."

Alikuwa anaongopa. Nilipoanza kupika mwenyewe ndipo nilijua, maana hakuna mtu anayeshiba kwa kuonja. Kwa hiyo mama naye aliandika 6 mahali pa 3, karibu kila siku ya maisha yake, ila hakuandika kwenye manila. Kwa nini uongo wake nauheshimu na wangu unanichoma?

Naona tofauti iko kwa anayelipa. Mama alipoongeza maji, aliongeza kwenye sufuria yake. Aliposema nimeshiba, njaa iliyobaki ilikuwa ya kwake. Alikuwa na haki ya kutoa kile kwa sababu kilikuwa chake kutoa. Mimi niliongeza maji kwenye sufuria za watu ambao sijawahi kukaa jikoni kwao, na njaa iliyobaki siyo mimi niliyekuja kuila. Mimi nilikula sifa. Siku ile ya wageni nilirudi nyumbani nimeshiba kabisa.

Na hapa naomba niseme neno kwa ninyi ndugu zetu wa mashirika, ambao najua mnalisoma jarida hili, kwa heshima. Mnajua kwamba watu wanauza sehemu ya posho. Wengine wenu mnaita hilo matumizi mabaya, na nimesikia kikaoni likisemwa kwa uso wa kusikitika. Lakini mpishi yeyote anajua kwamba unga na maharage peke yake siyo chakula, ni mwanzo wa chakula. Mama anauza bakuli la unga anunue dagaa kidogo, nyanya, kipande cha sabuni. Amepika hesabu kabla ya kupika ugali. Kama kuna kosa, liangalieni kwanza kwenye kipimo, kabla ya kulitafuta kwa yule mama. Wala sisemi kila anayeuza anauzia dagaa. Wapo wanaouzia pombe, tunawajua, watoto wao tunao kituoni. Lakini hao siyo sababu ya kumhukumu mwenye dagaa.

Nirudi kwenye karatasi. Nilichukua kalamu nikaifuta 6 kwa mstari, nikaandika 3 pembeni. Msimamizi wangu akaniita. Siyo mtu mbaya. Alisema namba ndogo itawavunja watu moyo, na kwamba mapishi lazima yalete matumaini. Nikamwambia, kaka, matumaini gani ya kumwambia mtu kwamba chakula kinatosha wakati watoto wake wanajua hakitoshi? Atajiona yeye ndiye asiyejua kupika. Hilo ndilo nililoliogopa zaidi baada ya maneno ya yule mama: kwamba kuna nyumba humu ambamo mwanamke alifuata karatasi yangu hatua kwa hatua, sufuria ikaisha watu hawajashiba, akadhani kosa ni lake.

Msimamizi alifikiri, akasema sawa, lakini hata hiyo 3 umeitoa wapi? Na alikuwa na haki. Hiyo 3 nayo niliitoa kichwani.

Kwa hiyo tuliita kina mama, na yule wa Fizi nilimfuata mwenyewe nyumbani nikamwomba radhi na kumkaribisha. Tukapika kikombe kimoja kile kile, safari hii na ugali wake, na watu wakala. Ubishi ukaanza hapo hapo: kushiba ni nini? Vijana wakasema kushiba ni kujaa. Mama mmoja akasema hapana, maji pia yanajaza. Mwingine akasema umeshiba kama unaweza kufanya kazi mpaka jioni bila kukumbuka chakula. Mzee aliyekuwa mlangoni, hakualikwa lakini alikuwepo, akasema yeye hajashiba tangu avuke ziwa, watu wakacheka halafu wakaacha kucheka. Yule mama wa Fizi akasema kwake ni rahisi, angalia mtoto. Mtoto aliyeshiba haangalii tena sufuria.

Tulikubali kipimo hicho. Tukawaangalia watoto. Wawili waliacha kuangalia sufuria na kwenda kucheza. Wa tatu aliendelea kukaa, kijiko mkononi.

Tukaandika: WATU WAZIMA 2 NA MTOTO 1, AO WATOTO 3 NA MMOJA ATAOMBA TENA. Msimamizi aliisoma mara mbili, akasema ni ndefu mno kwa karatasi ya ukutani. Lakini aliiacha. Ile 6 bado inaonekana chini ya mstari, wino wangu ulikuwa mzito. Wiki hii tunajaribu majani ya maboga, na kina mama wamesema safari hii wao ndio watakaoshika kalamu.