Mtoto Wetu na Daktari Anayejifunza

Washarika waliowahi kulaza mtoto katika hospitali kubwa wanaijua saa ya raundi. Asubuhi kundi la makoti meupe linaingia wodini, linasimama kwenye kitanda cha kwanza, na kijana mmoja anaanza kusoma faili kwa sauti: mtoto wa miezi 9, kilo 7, homa siku 3, degedege mara 2. Daktari mkubwa anauliza, kijana anajibu au anakosa jibu, wengine wanaandika. Mama amekaa pembeni na kanga yake mapajani, anasikiliza Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza. Wakishasogea kitanda cha pili anamgeukia mwenzake: “Sasa hapa daktari ni nani na mwanafunzi ni nani?” Sisi tunaozunguka wodini kwa huduma ya kichungaji tunaulizwa swali hilo mara kwa mara. Chini yake liko jingine zito zaidi, ambalo akina mama hulisema kwa sauti ndogo: Kwa nini wajifunzie kwa mwanangu?

Hatuwezi kulikwepa kwa kusema ni mambo ya serikali au ya madaktari. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971 chini ya shirika linalobeba jina la Msamaria Mwema, na ubavuni mwake kikazaliwa chuo cha udaktari. Ndugu zetu Wakatoliki nao wanayo Bugando kule Mwanza, pamoja na chuo chake. Makanisa yameamua kwamba kufundisha madaktari ni sehemu ya utume wao. Basi anayemwuliza daktari kwa nini mwanawe anajifunziwa, analiuliza pia kanisa.

Kwanza tuwatambue hao wanaojifunza, maana wodini wote huitwa wanafunzi kwa jina moja. Kijana husoma miaka 5 chuoni, kisha hutumikia mwaka 1 wa utarajali chini ya uangalizi. Baadaye, mara nyingi baada ya kufanya kazi wilayani, baadhi yao hurudi kusomea ubingwa wa watoto kwa miaka 3, na katika miaka hiyo wodi inawaona kuliko familia zao. Kwa hiyo huyo “mwanafunzi” anayeonekana mdogo kwenye raundi aweza kuwa baba wa watoto wawili, mwenye leseni, aliyekwisha kutibu maelfu. Bado anajifunza, lakini si kwamba hajui kitu.

Na yako mambo ambayo vitabu haviyafikishi mkononi. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Dawa yake hupimwa kwa kilo zake, na nukta ikikaa mahali pasipo pake dozi inakuwa mara 10. Mtoto njiti wa kilo 1 ana mishipa myembamba kama uzi, na aliyekaukiwa maji mishipa yake imejificha kabisa. Mtoto haelezi panapouma. Mwili wake huvumilia, huvumilia, halafu huanguka ghafla, na daktari asiyewahi kuliona anguko hilo hajui dalili zinazolitangulia. Siku hizi ipo midoli ya kufanyia mazoezi, nayo inasaidia sana na inafaa kununuliwa. Lakini mdoli hauhangaiki, haulii, wala hauna bibi aliyesimama mlangoni anakutazama. Kila bingwa wa watoto tunayemsifu leo, kuna mtoto wa mtu aliyechomwa sindano mara nne ili mkono wa bingwa huyo ujue kuchoma mara moja.

Katika darasa la kipaimara tulifundishwa amri ya tano kwa pande zake mbili. Luther hakuishia kusema tusimdhuru jirani katika mwili wake. Alidai pia tumsaidie katika mahitaji yake. Hospitali ambayo ingewafukuza wanaojifunza ili isimdhuru mtoto yeyote leo, ingekuwa imeshika upande mmoja na kuwaacha watoto wa kesho mikononi mwa watu wasiojua. Mabingwa wa watoto nchini ni wachache mno, na wa kuwarithi hawashuki kutoka mbinguni.

Hapo ndipo wengi huona jibu limepatikana: mmoja aumie kidogo, wengi wapone. Sisi tunaliogopa jibu hilo. Hesabu hiyo tunaikuta katika Yohana 11, na aliyeipiga ni Kayafa, alipowaonyesha wazee kwamba ni afadhali afe mtu mmoja kuliko taifa zima kuangamia. Mwinjili anaona ndani ya maneno hayo unabii, lakini hamhesabii Kayafa haki kwa ajili yake. Mtoto aliyelala kitanda namba 6 si ngazi ya kupandia kwenda kwa mtoto wa mwaka ujao. Alibatizwa kwa jina lake, akaitwa peke yake. Tukimtazama kama gharama ya mafunzo tu, tumekwisha kumkosea hata kama sindano imeingia vizuri.

Basi kujifunza kwa mtoto ni lazima, na kumfanya mtoto kuwa chombo ni dhambi. Twende wapi? Katika 2 Wafalme 4 kuna mama wa Shunemu ambaye mwanawe alishikwa na kichwa shambani, akafia mapajani mwake adhuhuri. Mama akapanda punda kumfuata Elisha mlimani Karmeli, akamshika miguu. Gehazi, mtumishi wa nabii, akataka kumwondoa. (Tabia hiyo ya kuwasukuma akina mama kando bado ipo kwenye milango ya wodi.) Elisha akamzuia, kisha akafanya jambo ambalo kila mwalimu wa hospitali hulifanya: akamtuma mwanafunzi. Alimpa fimbo yake, akamwagiza asimsalimu mtu njiani, akamweleza pa kuiweka.

Mama alikataa. Tusome vizuri alichokikataa. Hakusema Gehazi asiende, wala hakuidharau fimbo. Aliapa kwamba hatamwacha Elisha. Alichokataa ni mwalimu kubaki mlimani huku fimbo yake ikienda peke yake. Na nabii, mtu mkubwa kiasi kile, aliinuka akamfuata mwanamke.

Gehazi alifika kwanza, akaweka fimbo kama alivyoagizwa, na mtoto hakuamka. Hakukaa pale akiigeuzageuza fimbo ili asionekane ameshindwa. Alirudi njiani kumlaki bwana wake, akasema ukweli kwamba mtoto hajaamka. Hatusomi kwamba Elisha alimkemea. Elisha aliingia, akafunga mlango, akaomba, akajilaza juu ya mtoto mpaka mwili ukapata joto. Mtoto alipofumbua macho, ni Gehazi aliyeitwa na kutumwa kumleta mama. Mwanafunzi aliyeshindwa hakutupwa nje ya habari hiyo. (Aliharibika baadaye, sura ya 5, lakini kwa kukimbilia mali ya mgonjwa aliyepona, si kwa kushindwa kumwamsha mtoto.)

Kwa maoni yetu kosa la hospitali za mafunzo, linapokuwapo, haliko kwenye mkono wa anayejifunza. Liko pale mwalimu anapobaki Karmeli. Ni saa 8 usiku, wodi ina watoto wawili kwenye kitanda kimoja, daktari anayejifunza yuko peke yake na nesi mmoja, na bingwa anapatikana kwa simu kama simu ina salio na mtandao. Hiyo ndiyo fimbo isiyo na mwenyewe. Tunajua bingwa naye ni mtu, amefanya kazi tangu asubuhi, na pengine yuko mmoja kwa mkoa mzima. Lakini hospitali yenye jina la kanisa inapopanga zamu na bajeti yake, umbali kati ya Gehazi na Elisha ni jambo la imani kama lilivyo la utawala.

Tena hata Elisha huyo asidhaniwe anajua yote. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliofikishwa na homa kali huku mzunguko wa damu ukiwa umedhoofika. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo aongezewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Matokeo yalishangaza: kwa kila watoto 1,000 waliopewa maji kwa kasi, walifariki kama 105 ndani ya saa 48, na kwa wale wasiopewa kwa kasi walifariki 73. (Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo, kwa hiyo msharika asije akakataa dripu ya mtoto anayeharisha kwa sababu ya maandishi haya.) Walimu walikuwa wamefundisha kwa uaminifu jambo ambalo kwa watoto wetu liliua zaidi. Lilijulikana kwa sababu watu walithubutu kuuliza swali ambalo wakubwa waliona limeshajibiwa. Katika Marko 9 baba mmoja anamwambia Yesu waziwazi kwamba alimleta mwanawe kwa wanafunzi nao hawakuweza. Baadaye, nyumbani, faraghani, wanafunzi wanauliza kwa nini walishindwa, na wanajibiwa. Wodi ambayo mwanafunzi anaogopa kuuliza swali hilo kwa sababu atadhihakiwa mbele ya wenzake ni wodi ya hatari, hata kama mabingwa wake wamesoma Ulaya.

Lipo jambo jingine ambalo makanisani hatulizungumzi, nalo ni watoto wa nani wanaofundishia. Mwenye uwezo humpeleka mtoto kliniki binafsi jioni, kwa bingwa yuleyule aliyejifunza kwa watoto wa wodi. Mwenye namba ya simu ya mkubwa hupiga, na mjukuu wake anaonwa na bingwa moja kwa moja. Viongozi wa kanisa hawamo nje ya orodha hiyo. Atul Gawande, daktari mpasuaji wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2002, Complications, kwamba mwanawe alipokuwa na tatizo la moyo, na daktari aliyekuwa bado akisomea ubingwa alipojitolea kumfuatilia, yeye alimchagua bingwa. Naye mwenyewe wakati huo alikuwa akijifunza upasuaji kwa miili ya wengine. Hatumhukumu, ni mzazi gani angefanya vingine? Ila aliona, akaandika, kwamba mzigo wa kujifunza humwangukia asiye na njia ya kuchagua. Yakobo 2 inamtaja tajiri anayepewa kiti kizuri na maskini anayeambiwa asimame. Viti vyenyewe havipo kanisani tu.

Kwetu hapa ndipo lilipo jibu, kama lipo. Mtoto akijifunziwa bila mama kujua, kimechukuliwa kitu chake. Mama akiambiwa na kukubali, ametoa. Kitendo ni kilekile, sindano ni ileile, lakini kimoja ni wizi na kingine ni sadaka. Sisi tunaobatiza watoto wachanga tunajua maana ya mkubwa kusema kwa niaba ya mtoto asiyeweza kusema, na tunajua kwamba anayesema hivyo lazima kwanza aulizwe. Daktari anahitaji dakika moja: “Shikamoo mama. Mimi ni daktari, ninasomea ubingwa wa watoto. Nitajaribu mara mbili, nikikosa mshipa nitamwita mkubwa wangu.” Tumewaona akina mama wakisikia maneno kama hayo. Wengi hushika mkono wa mtoto wao wenyewe, wakamwambia daktari, “Haya, mwanangu, fanya.” Wengine hukataa, na kukataa kwao kuheshimiwe bila kununiwa wodini siku zote zilizobaki. Na mwenye bima nzuri akiulizwa, naye aone kwamba zamu hii ya kutoa ni yake pia.

Linabaki jambo gumu kuliko yote. Mtoto wa Shunemu alifumbua macho. Wengine hawafumbui, na mara chache sababu ni mkono uliokuwa bado unajifunza. Msibani tuna msemo tuliouzoea, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tunausema kwa nia njema, lakini pale ambapo nukta ilikaa vibaya, msemo huo unamsingizia Mungu kazi ya mtu, na unamnyima mama haki ya kujua. Unamwonea pia daktari kijana, maana yeye anajua kilichotokea, na tumemfungia peke yake na ujuzi huo. Kesho yake asubuhi anasoma faili la kitanda cha pili kwa sauti ileile. Tunadhani anayepaswa kwenda kwa mama yule ni bingwa mwenyewe, si karani wala nesi wa zamu. Aketi, aseme kilichotokea kwa Kiswahili kinachoeleweka, na yule anayejifunza awe ameketi pembeni yake anasikia, kwa sababu hilo nalo ni somo la ubingwa. Mchungaji akiitwa, aingie baada ya hapo.