🌙 TAFAKURI YA RAMADHANI – SIKU YA 14: Hodi kwenye simu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, Alhamdulillah tumefika katikati ya kumi la pili. Mola azipokee funga zetu na atufikishe salama kwenye kumi la mwisho. Aamiin.

Mada ya leo imetokana na maswali yanayoulizwa sana baada ya darsa la alasiri. Mmoja anauliza: je, inafaa nifungue simu ya mke wangu akiwa amelala? Mwingine: kamera za msikitini zina hukumu gani? Mwingine: tukigawa futari kwa wajane, tuwapige picha ili wafadhili waone? Maswali ni matatu lakini mzizi ni mmoja. Yote yanauliza: jicho langu limeruhusiwa kufika wapi?

*1. Dini yetu ni dini ya hodi*

Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, Allah (s.w.) anatufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Tukiambiwa turudi, turudi, na hilo ndilo lililo safi zaidi kwetu. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba hodi ni mara tatu, usipojibiwa ondoka. Sisi watu wa huku tumeyalelewa haya. Mtoto mdogo anajua kusimama nje ya mlango akapiga hodi, na anajua kwamba kuchungulia dirishani ni utovu wa adabu.

Sasa kwa nini hodi? Jibu liko katika hadithi ya Sahl bin Sa'd, ndani ya Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), na Mtume alikuwa na kichanuo mkononi anajikunia kichwa. Alipojua, akasema kwamba lau angemwona anachungulia angemchoma nacho jichoni, na akaeleza kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho.

Tuizingatie vizuri hadithi hii. Mtume alikuwa anafanya nini mle ndani? Anajikuna kichwa! Hakukuwa na siri, hakukuwa na baya. Na bado akakasirika. Kwa hiyo wale wanaosema "kama huna baya, unaficha nini?" wamejibiwa zamani sana. Faragha siyo pango la mkosaji. Ni haki ya mtu akiwa nyumbani kwake, hata akiwa anachana nywele tu.

Tena mema nayo yanafichwa. Sadaka bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui ulichotoa wa kulia. Na funga yenyewe tuliyo nayo sasa hivi, nani anaiona? Unaweza kujifungia chumbani ukanywa maji, ukatoka umepangusa midomo, na hakuna kamera duniani itakayojua. Funga ni siri kati yako na Mola wako. Asiyekuwa na mahali pa siri, ataweka wapi ibada yake ya siri?

*2. Ngazi tatu za Suratul Hujurat*

Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza mambo matatu kwa mpangilio: kwanza dhana nyingi, kisha tajassus, yaani kupeleleza, kisha kusengenya. Angalia mpangilio huo, halafu angalia yanayotokea kwenye simu zetu.

Mume anaona mke anacheka na simu. Dhana. Usiku anaichukua, anaweka kidole cha mwenziwe ifunguke, anasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Tajassus. Anakuta mke amemwambia dada yake kwamba mwezi huu nyumbani mambo ni magumu. Anapiga skrinishoti, anawatumia ndugu zake: "Oneni anavyonitangaza." Ghiba. Ngazi zote tatu amezipanda kabla ya daku, na asubuhi anasema amefunga!

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas katika Bukhari kwamba mwenye kusikiliza maneno ya watu nao hawataki asikie, atamiminiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni Siku ya Kiyama. Kusoma ujumbe ambao hukuandikiwa wewe, hata mwandishi hajui kama unausoma, je, si kusikiliza huko huko?

Mtu atasema: sasa kama nina wasiwasi wa kweli juu ya ndoa yangu? Kaeni muongee. Ongea naye mchana, macho kwa macho. Ikishindikana, Qur'an imetoa njia: msuluhishi kutoka upande wake na msuluhishi kutoka upande wako. Njia hiyo ni ngumu kuliko kuiba simu, ndiyo. Lakini ndoa ikifika mahali pa kupekuliana usiku, aliyeshinda hayupo.

*3. Waliotutangulia walifanyaje?*

Abdullah bin Mas'ud (r.a.) aliletewa mtu akaambiwa, huyu ndevu zake zinadondoka pombe. Akajibu kwamba sisi tumekatazwa kupeleleza, lakini kikitudhihirikia kitu tutakichukulia hatua. Kanuni nzima iko hapo: kilichodhihiri kina hukumu yake, kilichofichwa usikifukue.

Na inasimuliwa kwamba Umar bin Al-Khattab alipokuwa Khalifa alizunguka usiku na Abdurrahman bin Awf, wakasikia kelele za walevi ndani ya nyumba iliyofungwa. Umar akauliza, unaonaje? Abdurrahman akasema anaona wao wawili wamefanya alichokataza Allah, wamepeleleza. Umar akaondoka akawaacha. Khalifa mzima, mwenye dola mkononi, amesimamishwa na aya moja.

Wenye mamlaka nao wana onyo lao. Kutoka kwa Muawiya (r.a.), katika Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba ukizifuatilia aibu za watu utawaharibu. Waislamu wa New York wameliona hili. Baada ya mwaka 2001 polisi wa jiji lile waliunda kitengo cha kuwafuatilia Waislamu misikitini, madukani na migahawani. Shirika la habari la AP likafichua mwaka 2011. Mwaka 2012 afisa mkubwa wa polisi hao alikiri kwa kiapo kwamba kwa zaidi ya miaka sita kazi ya kitengo hicho haikuzaa hata uchunguzi mmoja wa ugaidi, na mwaka 2014 kikavunjwa. Kilichozaliwa ni watu kuogopana ndani ya safu moja ya sala, kila mmoja akijiuliza aliye pembeni yake ni nani.

Hata hivyo tusipindukie. Imam Al-Mawardi ameeleza kwamba mtu mwaminifu akileta habari kuwa kuna anayetaka kuuawa faraghani, hapo kuingilia kunaruhusiwa, kwa sababu madhara yake yakishatokea hayarudishiki. Kwa hiyo mtoto anayeumizwa, mke anayepigwa, tapeli anayewaibia watu, hawa hatuwafichi kwa jina la sitara. Sitara ni kwa aibu ya mtu na Mola wake. Dhuluma kwa mwingine inapelekwa panapohusika.

*4. Wapelelezi tuliowafungulia wenyewe*

Ndugu zangu, hodi ya leo haipigwi mlangoni tu. Unapakua programu, inakuuliza: niruhusu nione namba ulizohifadhi, picha zako, mahali ulipo? Hiyo ni hodi! Na sisi tunajibu "karibu, karibu" bila hata kuuliza wewe nani.

Mwezi Novemba 2020 waandishi wa Motherboard waliripoti kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa inapeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, na kampuni hiyo ilikuwa ikiuza taarifa kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi, na wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Mtu alitaka kujua adhana ni saa ngapi na kibla kiko wapi, basi. Kumbe hatua zake za kwenda msikitini zilikuwa bidhaa.

Na hapa kwetu tunaijua mikopo ya simu. Mtu ana shida ya ada au dawa, anapakua programu, anabonyeza "ruhusu", anapata elfu hamsini. Akichelewa siku mbili, mkwewe anapokea ujumbe, imamu wake anapokea, bosi wake anapokea: fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Achilia mbali riba, ambayo hukumu yake mnaijua. Tazama na hili: ukibonyeza "ruhusu" umetoa namba za watu mia tatu ambao hawakukopa, na hukuwaomba ruhusa. Namba ya mtu kwenye simu yako ni amana yake.

Tufahamu pia kwamba sheria ya nchi iko upande wa faragha. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 16, inailinda. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko. Aliyedhalilishwa kwa njia hii asinyamaze kwa aibu.

*5. Turudi kwenye maswali*

_Kamera msikitini._ Kulinda mali ya waqfu na sanduku la sadaka ni jambo la maana. Lakini kamera iwe mlangoni na penye sanduku, watu watangaziwe kwamba ipo, isielekezwe sehemu ya kina mama wala ya kutawadhia, na picha zake ziangaliwe na waliopewa dhamana tu, panapotokea jambo. Picha ya aliyeiba viatu kuzungushwa kwenye magrupu haina nafasi hapa. Huenda ni mwenye njaa, huenda ameshatubu, huenda siye.

_Watoto._ Mzazi ni mchunga na ataulizwa, kwa hiyo kusimamia simu ya mtoto ni ulezi. Ila fanya kwa uwazi. Mwambie, "Mwanangu, simu hii nitaiangalia, na sababu ni hii." Na uangalizi upungue kadiri anavyokua. Aya ya 58 ya Suratun Nur inawafundisha hata watoto kuomba ruhusa nyakati tatu za mapumziko ya wakubwa: kabla ya Alfajiri, adhuhuri na baada ya Isha. Mtoto ambaye hajawahi kuheshimiwa mlango wake atajifunza wapi kuheshimu mlango wa mwenziwe?

_Picha za futari._ Hili nalisema kwa uzito. Katika Suratul Baqara, aya ya 273, Allah anawasifu mafukara wanaojizuia kuomba, mpaka asiyewajua anawadhania matajiri. Mjane huyo amejisitiri mwaka mzima. Majirani hawajui kwamba jikoni hakuna kitu. Kisha tunakuja na kilo tano za mchele na mbili za sukari, tunamsimamisha mbele ya bango, mwanawe pembeni, tunapiga picha, jioni mtaa mzima umeona. Tumempa mchele tukachukua sitara yake. Nani kati yetu angekubali kuuza sitara ya mama yake kwa kilo saba?

Mfadhili ana haki ya kujua fedha imefika. Basi apigiwe picha magunia, apewe risiti, na orodha yenye saini ibaki kwa kamati. Hiyo inatosha. Asiyeridhika mpaka aone sura ya mwenye njaa, tumnasihi kwa upole kuhusu nia.

*6. Yule anayeona yote*

Allah anaona kila kitu, hata kile ambacho hakuna programu inayoweza kukisoma: wasiwasi wa moyo, nia, dhambi ya miaka ishirini iliyopita. Na pamoja na kuyajua yote hayo, anafanya nini? Anasitiri. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar, tumeelezwa kwamba Siku ya Kiyama Allah atamsogeza Muumini karibu, amfunike, amkumbushe dhambi zake moja moja mpaka mja aone ameangamia. Kisha amwambie kwamba alimsitiri duniani, na leo anamsamehe.

Mwenye kujua yote anafunika. Sisi tunaojua robo tunatangaza. Hapo ndipo tulipopotea njia.

*Kazi ya leo, kabla ya kufuturu:*

✅ Fungua mipangilio ya simu yako, angalia programu zipi zinaona mahali ulipo na namba zako. Isiyohitaji, inyime.
✅ Futa skrinishoti za maongezi ya watu ulizohifadhi kama silaha.
✅ Kama una aibu ya mtu mkononi, iishie kwako. Leo mwombee dua kwa jina lake.
✅ Ukiona picha ya mhitaji ikisambazwa, usiisambaze. Mpigie aliyeituma, mnasihi kwa siri, siyo kwenye grupu.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye Msitiri. Sitiri aibu zetu, tuliza hofu zetu, zuia macho yetu na yasiyotuhusu, na utujaalie tuwe sitara kwa wenzetu kama ulivyotusitiri sisi. Wape faraja wanaodhalilishwa kwa madeni, na uzikutanishe nyoyo za wanandoa wanaoshukiana. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Kesho in shaa Allah, baada ya Alfajiri, tafakuri ya siku ya 15.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.